Ulimi Uliopakwa Samli

Maestro Zakaria alisifiwa mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake. Ilikuwa siku ya kuondoa matanga, hapa Kakoba mjini Mbarara, nyumbani kwa binti yake Debora. Turubai lilifungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya umeme, viti vya plastiki vya kukodi vikamwagika hadi njiani, na vijana wa boda boda wakawa wanapunguza mwendo ili waitazame picha ya marehemu iliyowekwa juu ya kiti na kuvishwa maua ya karatasi. Kipaza sauti kilipita mkono kwa mkono. Mchungaji mmoja, ambaye hakumjua marehemu alipokuwa na nguvu zake, alisema Maestro alijaliwa sikio la malaika. Wa pili akasema yeye ndiye aliyeuleta muziki wa kweli kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Wa tatu, kijana mwenye suti inayong'aa, akasema kila mpiga chombo aliyetoka Rubondo, upande wetu wa kambi, alipitia mikononi mwa Maestro, kisha akaninyooshea kidole mimi, watu wakageuka wakanipigia makofi. Nilikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni. Nikaendelea kuutafuna. Sikio la malaika! Zakaria hakuweza kuitofautisha do na re hata ukimwimbia ndani ya sikio lenyewe, na hilo jina la Maestro alijipa mwenyewe siku alipookota uti wa mwavuli uliovunjika akaanza kuutikisa mbele ya waimbaji. Angekuwa hai angeyaamini yote yaliyosemwa pale, na angeongeza mawili matatu. Kwa hilo tu alistahili dharau yangu, ambayo nimeitunza vizuri tangu nikiwa msichana.

Debora aliniomba nije na obua yangu, zumari ya Kizungu, nipige wimbo wa kufungia. Nilikubali upesi, na si kwa upendo. Nilitaka kuwaona hao watu wa zamani wa kwaya, waliokuwa wakijifanya wanajua kila kitu, wamezeeka namna gani. Wamezeeka vibaya. Walikaa pamoja karibu na masufuria, wanasemezana kwa sauti za chini zilezile za kujisikia, na waliponiona na sanduku langu jeusi wakatikisa vichwa kama watu waliolilipia. Mambo ya nyumbani kwetu, nani alinizaa na tulivuka mpaka vipi, siyaandiki hapa. Kila mtu wa Nakivale anayo hadithi hiyo na nimechoka kuisikia hata ya kwangu. Ninaandika juu ya mwaka mmoja, 2003, na juu ya kitu kimoja kidogo kuliko kidole changu cha mwisho.

Obua ilifika Rubondo ndani ya robota la nguo kuukuu lililotumwa na kanisa moja la ng'ambo. Wazee wa kanisa walifungua sanduku, wakakuta vipande vitatu vya fimbo nyeusi yenye vifungo vyeupe, wakavitazama kwa heshima kubwa na bila akili yoyote. Mmoja alisema ni chombo cha daktari. Maestro Zakaria akachukua kipande cha mwisho, kile kilichopanuka kama kengele, akakipuliza kwa upande huo mpana mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kisha akatangaza kwamba kimeharibikia njiani. Mimi nilikuwa nimefundishwa obua kwetu Kongo, Uvira, na mke wa mmisionari, mama mkali aliyenipiga vidole kwa rula, na sikuwa nimegusa hata moja tangu tukimbie. Nikapita katikati yao, nikaunganisha vipande, nikalowesha ulimi wake wa tete, nikapiga wimbo ambao wote waliujua. Mama mmoja akalia. Maestro akapiga makofi mara mbili, akawaambia watu: "Munaona? Niliwaambia Mungu atatupatia kintu." Tangu siku hiyo kanisa letu la maturubai na udongo likawa na jina. Makanisa mengine ya Rubondo yalikuwa na ngoma, na yenye bahati yalikuwa na gitaa la nyuzi tatu. Sisi tulikuwa na obua, na Maestro akatembea kifua mbele kama aliyeizaa.

Lazima nieleze ulimi, maana bila huo hakuna obua. Ni vipande viwili vyembamba vya tete, vimelazwa uso kwa uso na kufungwa uzi mwekundu juu ya kijibomba kidogo cha shaba. Unavibana kwa midomo, unapuliza katikati yake, vinatetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Lile fimbo lote la thamani chini yake ni la kuipa sauti njia tu. Sasa hao wafadhili wetu, watu waliosoma, walituma obua kutoka mwisho wa dunia na ndimi mbili tu, kitu ambacho huchakaa upesi kuliko soli ya kandambili. Wa kwanza haukumaliza mwezi. Shemasi mmoja aliujaribu kwa meno, akitaka kujua umetengenezwa kwa nini. Ukabaki mmoja.

Obua ilikuwa mali ya kanisa, kwa hiyo ililala nyumbani kwa Maestro. Kila nilipotaka kujifua ilibidi niende kwake jioni nibishe hodi kama mwombaji. Ninaikumbuka ile sebule vizuri kuliko ninavyotaka. Kuta za udongo zilisilibwa vizuri na mkewe, Mama Debora; kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, kwa sababu ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji ambayo Maestro aliipenda; majembe yalisimama pembeni; na chini ya kitanda, kando ya kikapu cha maharage, sanduku letu jeusi. Mama Debora alikuwa binti wa wafugaji wa milimani, na ingawa Rubondo walibaki na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, vibuyu vyake alivitunza kana kwamba zizi lote bado lipo. Alichoma majani fulani ndani ya chungu kidogo, akakifunika kibuyu juu ya ule moshi, akakaa hapo akingoja. Nyumba yote ilinukia moshi ule mtamu. Nilikuwa nikiona ni upuuzi, kupoteza nusu ya jioni kwa ajili ya kibuyu. Nilikuwa mtu wa shule na wa noti za muziki, na niliamini kwamba kitu nisichokijua hakina cha kujulikana.

Walinikaribisha kula, hilo sitalikataa. Tulikula bugali wa muhogo kwa sombe, kisamvu cha kwetu, na siku za bahati ndagala, wale dagaa wa ziwani, wote kutoka sahani moja, na Maestro akaongea mdomo umejaa. Aliongea juu ya wageni. Wale wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameahidi kuja kuiona obua yao kanisani, na kama wangependezwa, wangetupa mabati. Mabati yalikuwa ndiyo mazungumzo ya Rubondo nzima. Mvua ilipita kwenye maturubai yetu ikamnyeshea mhubiri, na Maestro alikuwa ameshasimama mbele ya kanisa na kuapa kwamba mwaka haungeisha bila paa. Alichora hewani kwa kidole jinsi bati la kwanza litakavyowekwa, kisha la pili. Nilimtazama nikawaza: mtu mzima, kichwa chote kimejaa mabati.

Wakati huohuo ulimi ulikuwa unazeeka, na hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mimi. Kwanza ulilegea. Sauti ikawa inashuka chini ya ngoma na waimbaji, mdomo wake ukawa unajifunga, na nikipuliza kwa nguvu unaziba kabisa. Nikaulowesha kwenye kikombe cha maji, si sana, nikaubana polepole kwenye mbavu zake ili mdomo ufunguke. Ukapona. Kisha noti za chini zikakataa kutoka, zikawa zinakwaruza. Nikachukua wembe mpya, nikaulaza ulimi juu ya kipande cha kioo, nikaukwangua nyuma ya ncha kidogo mno, kiasi cha vumbi. Ukapona tena, lakini kila dawa ya namna hiyo inakula mwili wa mgonjwa. Kisha ukaanza kuvuja. Niliziba tundu la chini kwa kidole nikanyonya hewa: ulimi mzima hujifunga, hutulia kidogo, kisha huachia kwa mlio; huu haukujifunga hata kidogo, hewa ilikuwa inapita ubavuni. Nikakata utepe mwembamba wa kavera, ile mifuko myepesi ya sokoni, nikauzungushia juu ya uzi na kuukaza. Mwisho wa kiangazi ukaja ufa, mwembamba kama unywele, kwenye kona ya ncha. Ufa wa pembeni unaweza kuishi nao ukiwa mpole. Nikawa mpole. Kila asubuhi niliupuliza peke yake kabla ya kuuchomeka. Ulipowika kwa sauti mbili kwa pamoja, nene na nyembamba, nilijua leo utafanya kazi. Ulipolia kwa sauti moja ya kinyonge, niliurudisha kwenye maji nikaanza upya.

Kwaya nayo ilikuwa na dawa zake. Niliwasikia kupitia ukuta, wamekaa nje wakidhani mimi nimeshaondoka. "Ile obua inalia sawa bata siku hizi," alisema mmoja. "Ni juu Noela hakuyaka ku maombi ya Jumatano," alisema mama wa sauti ya kwanza, akinilaumu kwamba siji, na yeye mwenyewe alilala usingizi katika maombi hayo. Mwingine akashauri chumvi. Mwingine akasema tufunge siku mbili. Maestro akasikiliza wote kwa makini, mh, mh, akasema atalipeleka jambo kwenye kamati. Nilikaa pale kwenye giza la sebule na kikombe changu cha maji na wembe wangu, nikawadharau mmoja mmoja kwa jina. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba dharau ni kazi.

Kisha ukafika mkutano wa injili wa Kaberebere. Makanisa yalitoka pande zote za Isingiro, tukaimba uwanjani mbele ya maduka, na siku ile ulimi ukawa na huruma. Nilipiga vizuri. Sijui kama nimewahi kupiga vizuri kuliko siku ile. Tulipomaliza akanifuata bwana mmoja mrefu wa kofia, akajitambulisha kuwa Tumusiime, mwalimu wa muziki katika shule ya sekondari moja Mbarara. Hakuwa na Kiswahili kingi lakini kile alichokuwa nacho alikitumia bila woga. "Wewe madam," alisema, "nani alifundisha wewe hii kitu? Sisi kule shule iko na bendi, lakini mwalimu ya kupuliza hapana. Wewe kuja Jumamosi ile ingine. Hedimasta atasikia wewe. Kama anapenda, nyumba iko, mshahara iko." Nyumba. Niliilala hiyo nyumba usiku huohuo kabla sijaiona. Ina sakafu ya saruji, ina mlango wenye kufuli yangu, na ndani yake hakuna mtu anayeniuliza kwa nini sikuja Jumatano. Nilikuwa nimechoka na foleni za kisima, nimechoka na mgao wa mahindi, nimechoka zaidi ya yote kuwa hazina ya watu nisiowaheshimu. Nilihitaji kitu kimoja tu: ulimi ule uishi mpaka Jumamosi ile nyingine.

Maestro alipopata habari hakupinga. Alitabasamu, akaniita chakula. Mama Debora alikuwa amepika ndagala na ndizi, chakula cha mgeni, na Maestro akanisogezea upande wenye ndagala nyingi. "Kula, mutoto yetu," alisema. "Unajua miye sikusoma muziki sawa weye. Ukienda utatuacha bajinga. Unifundishe kwanza. Ile ulimi, nini inaiuaka?" Swali hilo lilinifurahisha kuliko chakula. Nikamfundisha. Nikamwambia jua kali linauvunja, na kuufungia sandukuni ungali umelowa kunauotesha ukungu. Nikamwambia ufa wake sasa unahitaji mikono laini. Kisha nikafika kwenye mafuta, nikainua vidole vyangu vyenye mafuta ya ndagala nikamwonyesha. "Hivi, Maestro, siugusi kabisa mpaka nimenawa kwa sabuni. Ulimi unaishi kwa kunywa maji. Ukinywa mafuta, maji hayaingii tena. Hapo hata mke wa mmisionari mwenyewe hawezi kuuponya." Aliitikia ee, ee, macho kwenye bakuli, anachagua miiba. Mama Debora peke yake ndiye aliyeacha kula akanitazama. Nilijua hakuna kilichoingia kwenye vichwa vile. Ilikuwa starehe tu ya kujisikia nikisema.

Nilipotoka niliinama mlangoni kufunga ndala yangu iliyokatika, nikawasikia. "Akienda tunabaki na ngoma, sawa makanisa yote," Maestro alisema. "Bageni banakuya kuona obua, batakuta ngoma. Mabati itatoka fasi gani?" Mkewe akasema: "Muache mutoto aende." Nikaenda zangu kwa mwendo wa mtu anayejua thamani yake, nikimcheka mzee anayelilia mabati.

Ijumaa nilikwenda kulichukua sanduku ili niondoke nalo alfajiri. Nyumba ilinukia moshi wa vibuyu. Maestro alikuwa amekaa kitini, amevaa shati la Jumapili, anaonekana amefurahi. "Tumekusaidia," alisema. Nikafungua. Ulimi ulikuwa umebadilika rangi, wa kahawia iliyoiva, unang'aa. Niliushika ukateleza. Nikaunusa: moshi, na juu ya moshi, samli. "Ulisema inapasuka," Maestro akaeleza, mikono imefunguliwa kama mtu anayetoa zawadi. "Kwetu kibuyu ikitaka kupasuka, tunaifukiza, tunaipaka mafuta ya ng'ombe. Sasa iko nguvu. Haitapasuka tena." Mama Debora alisimama nyuma karibu na chungu chake, ametugeuzia mgongo. Nilitaka kulia, lakini kilichotoka ni kicheko. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwambia yule mama, yeye na si mumewe, maneno ninayoyakumbuka vizuri: "Nyinyi watu wa ng'ombe, Mungu akishuka hapa mtamfukiza na kumpaka samli. Kila kitu kwenu ni kibuyu." Mgongo wake haukutikisika. Maestro alisema pole, hakujua, alitaka tu kusaidia.

Nilifanya yote yanayoweza kufanywa. Niliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, nikaukandamiza kwenye karatasi, nikauosha tena. Karatasi ikatoka na doa la mafuta kila mara. Nikaukwangua kwa wembe juu ya kioo mpaka nikaogopa kutoboa. Nikabadilisha utepe wa kavera. Jumamosi nilikaa kwenye darasa moja la shule ile, juu ya kilima, Mbarara yote chini yangu, na hedimasta akaketi mbele anakula karanga kutoka mfukoni. Nikaulowesha ulimi. Maji yalikaa juu yake kwa matone, hayakuingia. Nikapuliza. Sauti iliyotoka sitaki kuifananisha na mnyama yeyote, maana hakuna mnyama aliyenikosea kiasi hicho. Nikajaribu tena, noti za juu tu, zikatoka mbili na ya tatu ikakatika. Nikaanza kueleza, ulimi, ufa, samli, vibuyu. Hedimasta akaangalia saa. Tumusiime akaniinamia kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko kitu chochote. "Madam, pole sana. Hii kitu yako imekufa. Hedimasta anataka mtu ya kupiga, hapana mtu ya kueleza." Wakanipa chai ya maziwa. Niliinywa yote, kwa sababu ilikuwa safari ndefu kurudi, na kwa sababu nilitaka wanione ninavyoinywa bila kutetemeka. Kazi ile alipewa bwana mmoja wa tarumbeta ambaye, nilivyokuja kumsikia baadaye, alipuliza tarumbeta kama anayefukuza ndege shambani.

Wageni walikuja, na walikuja na kiboksi kizima cha ndimi mpya, wakicheka jinsi walivyosahau mara ya kwanza. Nikapiga. Maestro akatikisa uti wake wa mwavuli mbele yangu, akiifuata kila noti kwa kuchelewa. Mabati yakaja, kanisa likaezekwa, na bati la kwanza aliligonga msumari yeye mwenyewe huku watu wakipiga vigelegele. Mimi niliendelea kukaa Rubondo miaka mingi baada ya hapo, chini ya paa lile. Nilipofika mjini hatimaye, nilifika bila kuitwa na mtu, na obua ambayo kanisa liliniachia. Nilipanga chumba hapa Kakoba, nikawa ninatengeneza vyombo vya bendi za makanisa na za harusi, na ndimi zangu nilizichonga mwenyewe kutoka matete ya ziwani. Na kila fundi au mpigaji aliyekaa kwenye benchi langu nilimsimulia habari ya samli. Niliisimulia vizuri. Niliigiza sauti ya Maestro, niliigiza mikono yake iliyofunguka. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi, na mimi nikafaidi mara mbili: nilikuwa nimepoteza nyumba ya saruji, lakini nilikuwa nimempata mjinga wangu wa kudumu.

Sasa niko hapa, kwenye matanga yake, na mfupa wa mbuzi. Mama Debora alikuja akaketi kando yangu. Amekuwa mdogo, mabega yameingia ndani ya kitenge. Kijana wa suti alikuwa bado anaongea juu ya sikio la malaika. "Noela," alisema mama, "ungali na hasira naye?"

"Hasira ya nini, mama? Mtu hawezi kumkasirikia mjinga."

Aliangalia picha juu ya kiti. "Yeye hakukuwa mujinga," alisema. "Kibuyu hatuipakake mafuta ndani, fasi maziwa inapita. Maziwa itaoza. Kibuyu inafukizwa ikiwa kavu, unaifunika, basi. Hata mutoto wa kuchunga anajua. Ungeuliza mama yeyote wa ng'ombe pale Rubondo angekuambia. Lakini weye haukuuliza. Ulisema tu kwetu kila kintu ni kibuyu."

Nilimuuliza ni nani aliyetaka samli siku ile.

"Yeye. Nilimuuliza: samli ya nini? Akaniambia: Noela mwenyewe amenieleza." Akakunja kona ya kitenge chake, akaikunjua. "Nilitaka kukuambia ile Ijumaa. Kisha ukacheka, ukasema yale maneno. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Niliitafuta dharau yangu, ile niliyokuja nayo asubuhi, sikuipata mahali pake. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kweli ya mtu aliyeibiwa, imechelewa miaka yote hii. Aliniibia nyumba, akaketi mbele yangu na shati la Jumapili, akanitazama machoni akajifanya mshamba, kwa sababu alijua kwamba ushamba ndicho kitu pekee ambacho mimi ningekiamini kutoka kwake bila kuuliza. Mtu asiyeweza kuitofautisha do na re alinipiga mimi kama chombo, na hakukosea hata noti moja. Nimefundisha watu wengi tangu hapo, Rubondo na hapa mjini. Ninawaambia juu ya jua na ukungu na mafuta, wanaitikia, na kesho yake wanashika ulimi kwa vidole vya chapati. Katika wote hao, aliyesikiliza somo mara moja na kulielewa lote ni Zakaria.

Debora akaniita kwenye kipaza sauti. Watu wa kwaya wakageuka tena, tayari kujisifu. Nikafungua sanduku, nikanyoosha mkono kuuchukua ulimi, na Mama Debora akanishika kifundo cha mkono. Akasimama kwa shida, akaenda kuleta jagi, beseni na kipande cha sabuni, akainama mbele yangu wote wakiwa wanatazama. Vidole vyangu vilikuwa vinang'aa kwa mafuta ya mbuzi.

"Nawa muzuri," alisema, akaanza kumimina. "Mafuta inauaka."

Nikanawa, kidole kimoja kimoja. Nikaulowesha ulimi, nikaupuliza peke yake, ukawika kwa sauti mbili. Kisha nikasimama mbele ya picha yake nikampigia wimbo wake wote, bila kuruka hata ubeti.